Chuo kimwite mwanafunzi kabla ya kumwondoa

Matokeo ya mwisho wa mwaka hutoka wakati kampasi imebaki na walinzi na watunza bustani. Mwanafunzi yuko kwao, Kahama au Masasi, amejifungia chumbani usiku, mwanga wa simu umemmulika usoni, anasubiri ukurasa wa mfumo wa chuo ufunguke. Ukifunguka anashuka na kidole: kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi chini kabisa palipoandikwa hatima yake kwa neno moja. Wenzake watasema amedisko, yaani ameondolewa masomoni. Hakuna barua iliyolitangulia neno hilo, hakuna simu, hakuna mwalimu aliyewahi kumketisha akamwambia kwamba njia aliyoishika inaishia huku. Asubuhi anatoka, anampa baba yake shikamoo, anaulizwa chuo kinafunguliwa lini, naye anataja tarehe.

Kisa hiki kinajulikana katika koo nyingi zilizowahi kupeleka mtoto chuo kikuu, na mwendelezo wake unajulikana pia. Kijana hurudi Dar es Salaam au Dodoma kama kawaida, hupanga chumba uswahilini, hutoka kila asubuhi na begi mgongoni, hupokea fedha ya ada isiyo na pa kulipwa, mpaka siku ndugu wanapoanza kuuliza mahafali ni lini ili wakodi basi. Na wapo ambao hawakuifikia siku hiyo, kwa sababu aibu iliwaelemea wakiwa peke yao.

Gazeti hili halikusudii kutetea uzembe. Chuo kikuu ambacho hakuna anayefeli hakimthibitishii lolote anayefaulu, na kiwango kilichowekwa katika vyuo vyetu vingi si cha kutisha: alama 40 kwa 100 humpa mwanafunzi C, na wastani wa pointi 2.0 kati ya 5 humtosha kutunukiwa shahada. Kumpitisha asiyejua ni kumdhulumu mgonjwa atakayelazwa mbele yake, mtoto atakayefundishwa naye, na mwananchi atakayevuka daraja alilolipigia hesabu. Ni kumdhulumu pia mlipakodi, ambaye katika mwaka wa masomo 2022/23 pekee alitoa zaidi ya Sh600 bilioni kwa mikopo ya elimu ya juu akitarajia wataalamu. Wahadhiri wanaokataa kuongeza alama kwa kubembelezwa, au kwa kupigiwa simu na mkubwa fulani, wanailinda hadhi ya shahada ya kila Mtanzania, na hawastahili kulaumiwa kwa hilo.

Lakini mamlaka ya kumwondoa mtu hutokana na wajibu uliotimizwa kwanza. Taasisi iliyompokea kijana, ikachukua ada yake, ikamwandikisha kwa namba na kumkabidhi kitambulisho, imekubali kumwangalia. Ikimwona anazama ikanyamaza, kisha ikamtangazia kwamba amezama, imefuata kanuni na imeshindwa kazi yake. Kosa la mwanafunzi linabaki kuwa kosa lake, ila kimya cha chuo nacho kina wenyewe, na miaka yote hii hawajaulizwa.

Tuangalie kwanza kijana huyu anatoka wapi. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Katikati pana Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa waliochaguliwa kwa mujibu wa sheria, na kwa wote pana mahangaiko ya udahili na mkopo. Miezi hiyo inajaa shughuli, na hakuna hata mojawapo inayomweleza chuo kikuu ni nini. Ametoka shule ya bweni ambako kengele ilimwamsha, kengele ilimpeleka prepo, mwalimu wa zamu alijua kitanda chake, na tahasusi yake ilikuwa ya masomo matatu. Anafika chuoni anakuta kozi sita au saba kwa muhula, ukumbi wenye mamia ya watu, wengine wameketi kwenye ngazi na wengine wamesimama madirishani, na ratiba yenye mapengo mapana ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni ya kusomea. Anadhani ni mapumziko. Kufikia wiki ya tano vimbweta vya kusomea vimejaa wanaojua matumizi ya saa hizo, naye bado yuko bwenini akisubiri kengele.

Lipo pia suala la lugha, ambalo taifa hulizungumzia kila kongamano la Kiswahili na kulisahau kila muhula unapofunguliwa. Tangu 1967 shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hugeuka kwenda Kiingereza. Mwanafunzi mwenye akili nzuri hujifunza kupita humo kwa kukariri maandishi aliyoandikiwa ubaoni neno kwa neno. Chuoni hakuna anayemwandikia ubaoni. Hutafuta madesa (maandishi ya masomo) ya waliotangulia, hukesha nayo, huingia kwenye chumba cha mtihani na orodha kichwani, na swali linamtaka apime hoja mbili na kuamua. Anaandika orodha. Msahihishaji, kwa haki kabisa, anampa alama 28. Kijana huyo si mjinga: hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo katika lugha anayoimiliki. Serikali ndiyo iliyochagua njia hiyo ya lugha na kuishika kwa zaidi ya nusu karne, na aliyewapitisha watoto wa watu katika njia fulani hawezi kujitenga nao wanapojikwaa humo. Kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, inapofundishwa katika darasa la mamia na kusahihishwa kwa maswali ya kuchagua, haijatimiza wajibu huo.

Taifa hili liliwahi kujiuliza kwa dhati ni lini kijana yuko tayari kwa chuo kikuu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijibu kwamba afanye kazi kwanza, akomae, ndipo aombe nafasi. Jibu lile lilikuwa na gharama: idadi ya wasichana waliojiunga ilishuka na sharti likalegezwa mapema kwao, na baadaye nchi ikaliacha kabisa. Kuliacha kulikuwa sahihi. Ila tulipoliacha jibu tuliliacha na swali lenyewe, na tangu hapo tumeshughulika na idadi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, na mwalimu hakuhitaji mfumo wa kompyuta kumjua aliyekosa kipindi. Leo kampasi yake ya Mlimani pekee ina makumi ya maelfu. Upanuzi huu ni heshima kwa nchi maskini, na hakuna anayetaka kurudi Lumumba. Tunachodai ni kwamba anayepanua mlango apanue na macho ya kuwaona wanaoingia.

Kuhusu fedha tutasema machache. Tangu 2022/23 posho ya chakula na malazi kwa anayekopeshwa kiwango kamili ni Sh10,000 kwa siku, nayo huja kwa mafungu ya takriban miezi miwili, kwa hiyo bumu, kama wanafunzi wanavyoiita posho hiyo, likiingia ni kama Sh600,000 kwa mkupuo katika akaunti ya mtu wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika hata Sh50,000 zake mwenyewe. Wapo wanaozimaliza kwa kubeti na viatu, na hao wanastahili kukemewa. Wapo pia wanaotuma nusu yake nyumbani siku hiyohiyo kwa sababu mdogo wao amerudishwa kwa kukosa sare, kisha wanaishi kwa chai na andazi hadi mtihani. Alama zao hazitofautiani kwenye karatasi, na kwa sababu hakuna anayewauliza, chuo hakijui nani ni nani.

Kiini cha hoja yetu kiko katika wiki ya sita hadi ya nane ya muhula. Hapo ndipo majaribio ya kwanza husahihishwa na alama kubandikwa ubaoni kwa namba za usajili. Katika vyuo vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Aliyevuna 9 kati ya 40 ataingia kwenye mtihani akihitaji 31 kati ya 60 ili tu aguse kiwango cha kufaulu, yaani zaidi ya nusu ya alama za somo ambalo ameshaonyesha kuwa halijui hata robo. Hesabu hii mwalimu anaijua. Mfumo wa chuo unaweza kuifanya kwa sekunde moja kwa kila mwanafunzi. Asiyeifanya mara nyingi ni mwanafunzi mwenyewe, ambaye hupita mbele ya ubao ule jioni wakati watu wamepungua, huitafuta namba yake, huiona, hutazama kando kama aliyepita kwa bahati mbaya, na kwenda zake. Kati ya jioni ile na mtihani wa mwisho kuna wiki sita au saba. Hizo ndizo wiki ambazo mtu anaweza kuokolewa, na ndizo ambazo hakuna anayemtafuta.

Kanuni za mitihani zenyewe zina milango mingi kuliko wanafunzi wanavyojua. Mlango unaopotezwa kwa uchungu zaidi ni ule wa kuahirisha. Mgonjwa, aliyefiwa, aliyejifungua au aliyekwama kifedha anaweza kuomba kuahirisha mtihani, muhula au mwaka, alimradi aombe kabla. Akishaketi kwenye mtihani, amekubali kupimwa. Wenye uzoefu wa ofisi za vyuo wanaijua sura ya kijana anayekuja baada ya matokeo na cheti cha zahanati kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni: aliumwa malaria wiki ya mitihani, akaogopa kukosa, akafanya karatasi tatu akiwa na homa. Karani anamwambia amechelewa, na karani anasema kweli. Kanuni ile ina maana yake, kwani pasingekuwa nayo kila aliyefeli angetafuta cheti. Lakini kanuni inayomwokoa anayeijua na kumwangamiza asiyeijua inadai itangazwe kwa lugha anayoielewa, si mara moja katika wiki ya kupokelewa, kati ya foleni ya usajili na hotuba ya benki, katika kitabu cha Kiingereza cha kurasa nyingi, bali itangazwe tena wiki mbili kabla ya mitihani, kila muhula, kwenye simu yake.

Wakuu wa vyuo watajibu, na jibu lao lina sehemu ya ukweli, kwamba wahadhiri ni wachache, madarasa ni makubwa, na mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima anayepaswa kujiongoza. Hatupuuzi mzigo wa mhadhiri anayesahihisha mamia ya karatasi huku akidaiwa utafiti. Ila hakuna anayeomba kila mwanafunzi ashikwe mkono. Walio chini ya kiwango baada ya jaribio la kwanza ni sehemu tu ya darasa, na kuwaita si kazi ya profesa peke yake: yuko mhadhiri msaidizi, iko Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, yuko kiongozi wa darasa ambaye mara nyingi anajua nani ameacha kuja na kwa nini. Vyuo vingi tayari humpangia kila mwanafunzi mshauri wa taaluma. Wajibu huo upo kwenye makaratasi. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa usipotekelezwa. Na kuhusu fedha, nchi imekopa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, na majengo ya mihadhara na maabara yanainuka. Yanahitajika. Itakuwa aibu yakikamilika, kijana akaweza kupotea ndani yake kwa urahisi uleule aliopotea kwenye yale ya zamani.

Hoja ya utu uzima ina uzito zaidi, nasi tumeipima kwa makini kwa sababu inagusa swali la wazazi. Shule ya sekondari humpelekea mzazi ripoti. Chuo hakimpelekei, na wazazi wengi wanaona huo ni usaliti, maana wao ndio waliouza ng'ombe. Hatukubaliani nao. Mtu wa miaka 20 anapiga kura na anasaini mkataba wa mkopo utakaomfuata hadi kwenye mshahara. Matokeo yake ni yake, na baadhi ya wanaoficha wanaficha kwa kuwa wanajua nyumbani kuna baba atakayemaliza mazungumzo kwa mkanda. Utu uzima, hata hivyo, haujawahi kumaanisha kuachwa. Mtu mzima huambiwa ukweli mapema, uso kwa uso, na aliye na jukumu la kumwambia. Siku ya usajili kila mwanafunzi aulizwe, na aandike mwenyewe, mtu mmoja ambaye chuo kinaweza kumpigia mambo yakiharibika: mama, shangazi, mwalimu wake wa zamani, kaka wa kanisani au msikitini. Huyo apigiwe.

Wazazi nao wana lao. Mtoto aliyeagwa kwa sherehe, akaombewa na kijiji kizima, akaitwa daktari kabla hajafungua kitabu cha kwanza, amebebeshwa sifa ambayo hana pa kuitua. Akianguka hawezi kurudi na habari ndogo. Kila habari imeshakuwa kubwa. Mzazi anayetaka kuambiwa kweli aanze kwa kuuliza maswali yanayoruhusu kweli. "Somo gani linakusumbua?" ni swali ambalo mtoto anaweza kulijibu. "Unaongoza?" humfundisha kudanganya.

Na mwanafunzi asidhani kwamba tumekuja kumbeba. Sapu, yaani mtihani wa marudio, si msiba na si kitu cha kuchekea bwenini. Ni nafasi ya pili iliyotolewa na jamii inayomlipia, na anayepewa nafasi hiyo akaitumia kusoma tena madesa yaleyale kwa namna ileile ameidharau. Aende kwa mwalimu aulize alipopotea. Atafute karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, azijibu kwa saa, kwa mkono, kisha ampe mwenzake anayemzidi amkosoe. Akiamini amepunjwa, akate rufaa ndani ya muda uliowekwa badala ya kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Akiwa amechagua programu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mkopo, au kwa sababu mjomba alisema, akubali mapema kwamba alikosea na aulize taratibu za kuhama kabla ya mwaka kumwisha. Zaidi ya yote aseme. Aibu ya kusema wiki ya nane ni ya dakika kumi, na ile ya kuficha miaka mitatu hakuna aliyewahi kuipima.

Wanabaki wale ambao, baada ya yote haya, wataondolewa kwa haki. Hapa taasisi zetu zina ukatili ambao pengine hazijauona. Aliyedisko anatoka na deni la Bodi ya Mikopo bila shahada ya kumsaidia kulilipa, na mara nyingi bila mtu wa kumweleza anaweza kwenda wapi. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, wengi wao wa chuo kikuu, walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sababu zilikuwa tofauti kabisa na hizi tunazozungumzia, na ukali wake ulikuwa wa kutisha, lakini mwaka uliofuata wengi walirejea darasani. Dola iliyokasirika kiasi kile ilijua kwamba kumtoa mtu nje na kumfungia mlango ni mambo mawili. Anayeondolewa leo kwa alama anastahili angalau mazungumzo ya nusu saa na barua inayotaja kozi alizofaulu, lini na kwa masharti gani anaweza kuomba tena, stashahada na programu zipi zingemfaa, na deni lake ni kiasi gani. Hilo haligharimu jengo.

Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 kusimamia ubora, hukagua idadi ya wahadhiri, shahada zao, ukubwa wa maktaba na mitaala. Iongeze karatasi moja: orodha ya walioondolewa kwa mwaka, na mbele ya kila namba ya usajili, tarehe ambayo mwanafunzi huyo aliitwa, aliyemwita na walichokubaliana. Chuo ambacho safu hiyo iko tupu kieleze kwa nini. Pale alipoitwa akakataa kuja, iandikwe hivyo, na hakuna atakayekilaumu chuo.

Mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa, wiki ya nane haitakuwa mbali. Alama zitabandikwa ubaoni kama kila mwaka, na jioni kutakuwa na wanaopita wakitazama kando. Tutawauliza wakuu wa vyuo, kimoja baada ya kingine, ni nani waliyemtuma kuisoma orodha ile kuanzia chini.